Mikia ya Ng'ombe na Chemba Isiyo na Kifuniko

Mji wetu umepewa jina na kitu kilichozama. Simulizi ziko mbili, na mtu aliyekulia Dodoma atakuwa amezisikia zote. Ya kwanza ndiyo inayopendwa na walimu wa shule za msingi: tembo alishuka kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, tope likamshika, akawa anadidimia huku watu wanamtazama, na aliyeshuhudia akasema kwa Kigogo, idodomya, yaani amezama. Ya pili walimu huwa wanairuka, maana wazee wetu hawatoki vizuri humo. Vijana wa Kigogo waliiba kundi la ng'ombe wa majirani zao wa kusini, wakawachinja, wakawala, wakabakiza mikia tu. Mikia ile wakaichomeka kwenye tope. Wenye mali walipofika wakifuata nyayo, wenyeji wakawapeleka hadi pale na kuwaonyesha kwa huzuni: jamani, ng'ombe wenu hawa hapa, idodomya, wamezama.

Hebu ichukue hiyo ya pili uisome kama faili la mahakama. Kuna wadai, wametoka mbali kufuata mali yao. Kuna wadaiwa, ndio wenye eneo. Kuna kielelezo, mikia. Na kuna utetezi: sisi hatukufanya kitu, ardhi yenyewe ndiyo imemeza. Utetezi huo ndio uliotupa jina la makao makuu ya nchi. Mimi nimeandika habari za mji huu kwa miaka kadhaa, na nimeusikia utetezi huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mara ya mwisho nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki uani kwa mtu, pembeni yangu yuko mama mdogo na mguu wake uliofungwa P.O.P. umenyooshwa juu ya ndoo.

Mama mdogo anakaanga maandazi. Jioni moja ya mvua za Desemba alikwenda kwenye nyumba ya wapangaji, mtaa wa pili kutoka kwake, kuchukua hela ya mchezo kwa mwenzake aliyekuwa amepanga chumba pale. Umeme ulikuwa umekatika. Uani palikuwa na chemba ya maji taka ambayo mfuniko wake wa chuma ulikuwa umeibwa miezi mitatu nyuma, bila shaka umeishia kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Wapangaji walimwambia mwenye nyumba. Mwenye nyumba akaweka kipande cha bati. Mvua ikalisogeza bati, au mtoto alilisogeza, hilo halikujulikana. Mama mdogo akaingia mguu mmoja hadi kwenye paja, kifundo kikavunjika sehemu mbili.

Mwenye nyumba alikuja kumwona, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na sukari kilo mbili na shilingi elfu hamsini ndani ya bahasha. Akasema, "Pole sana mama. Ni bahati mbaya tu. Mipango ya Mungu."

Mama mdogo akamwuliza, "Kwani Mungu ndiye aliyechukua mfuniko?"

Nilicheka, nikajuta kucheka, kisha nikaanza kuuliza maswali ambayo nilitakiwa kuwa nimeyauliza miaka mingi kama mwandishi wa habari. Mtu akiumia kwenye eneo la mtu mwingine kwa sababu eneo lile ni bovu, nchi hii inasema nini? Na ilianza lini kusema hivyo? Nilimpigia rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, sasa ni wakili hapa mjini. Akaniambia nipite ofisini jioni. Nilitegemea anifungulie kitabu cha sheria za Tanzania. Akaanza na fundi wa gesi wa London.

Kesi yenyewe inaitwa Indermaur dhidi ya Dames, ya mwaka 1866. Fundi huyo alitumwa na bosi wake kwenye kiwanda cha kusafisha sukari, kukagua kifaa cha gesi kilichokuwa kimefungwa siku za karibuni. Kwenye ghorofa ya juu kulikuwa na tundu kwenye sakafu, wanalipandishia na kushushia sukari. Halikuwa na uzio. Wafanyakazi wa pale walilijua, walilizoea, walilikwepa bila hata kufikiri. Yeye hakulijua. Akatumbukia. Kiwanda kikajitetea kwamba tundu lile ni la kazi, viwanda vyote vya sukari vinalo, na hakuna aliyemsukuma. Baraza la wazee wa mahakama likampa pauni 400, na Jaji Willes akaeleza kwa nini: mtu aliyefika kwako kwa shughuli yenye manufaa kwako pia, naye akawa mwangalifu kwa upande wake, ana haki ya kutegemea kwamba utachukua hatua za kumkinga na hatari isiyo ya kawaida unayoijua au uliyopaswa kuijua. Mwaka uliofuata rufaa ikathibitisha hivyo hivyo.

"Uliyopaswa kuijua." Hapo ndipo utetezi wa mikia unapopigwa teke. Huwezi kusema ardhi imemeza kama ardhi ni yako na ulijua, au mtu yeyote mwenye akili angejua, kwamba ina mdomo wazi. Kwa maneno hayo machache tungedhani kesi ya mama mdogo imekwisha. Bado. Yule jaji, pamoja na hekima yake, alikuwa anajibu habari za watu wa aina moja tu, wale waliofika kwa shughuli, na mawakili waliokuja nyuma yake wakaimalizia ngazi. Ikawa kwamba kabla mahakama haijatazama shimo inamtazama kwanza aliyetumbukia na kumwuliza: wewe ni nani humu ndani?

Ngazi zilikuwa tatu. Juu kabisa yuko aliyealikwa kwa shughuli: fundi, mteja wa duka, mtu wa namna hiyo. Chini yake yuko aliyeruhusiwa tu kuingia, ambaye mwenye eneo anawajibika kumwonya kuhusu hatari iliyojificha ambayo mwenye eneo mwenyewe anaijua, basi, zaidi ya hapo ni juu yake. Chini kabisa yuko aliyeingia bila ruhusa, ambaye alistahili karibu na sifuri. Sasa sikiliza jambo lililonifanya niombe chai ya pili. Rafiki aliyekuja kukutembelea, uliyemkaribisha mwenyewe mezani, Waingereza hawakumweka ngazi ya juu. Walimweka ya pili, na wale walioruhusiwa tu. Mteja aliyeingia dukani kununua mshumaa alikuwa na ulinzi mkubwa kuliko shemeji yako aliyekuja kula pilau.

Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni ndiye anayepewa kitanda na mwenye nyumba akalala chini. Sheria ile ilipima manufaa kwa shilingi na peni, na mgeni wa nyumbani haleti chochote kwenye daftari la hesabu. Sidhani kama kuna mzee yeyote wa Kigogo, au wa Kirangi, au wa Kisandawe, ambaye angekubali kwamba mtu akivunjika mguu nyumbani kwake hoja ya kwanza ni kama alikuja kununua kitu.

"Sasa mama mdogo wako," wakili akasema huku anacheka, "alikuja kwa shughuli au kwa kutembea?"

Alifuata hela ya mchezo. Shughuli hiyo. Lakini shughuli na mpangaji, si na mwenye nyumba. Na walikuwa wamepanga kunywa chai. Mguu ni ule ule uliovunjika, ila chini ya sheria ya zamani ungeweza kuwa na bei mbili kutegemea birika lilikuwa jikoni au la.

Waingereza wenyewe walichoka na mchezo huu. Mwaka 1957 Bunge lao lilifuta tofauti kati ya ngazi mbili za juu na kuweka wajibu mmoja wa uangalifu kwa kila mgeni halali. Kenya nayo ina sheria yake ya namna hiyo, Sura ya 34 ya sheria zao. Ila kuna jambo la kihistoria ambalo ni letu sisi hapa. Tanganyika ilipewa sheria ya Kiingereza kwa tarehe maalumu, kama vile mtu anavyopewa gari lililotumika: unalichukua lilivyo siku hiyo. Tarehe yenyewe ni 22 Julai 1920, na mpaka leo bado imo kwenye Sheria ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358. Sheria ya kimila ya Kiingereza, kanuni za usawa, na sheria za jumla zilizokuwa zinatumika Uingereza siku hiyo, zote zilivuka bahari. Chochote ambacho Bunge la London lilitunga baada ya hapo hakikuvuka chenyewe, lazima kitungwe upya huku. Tulichopokea siku ile ni fundi wa gesi na ngazi zake tatu.

Nimejaribu kufikiria Dodoma ya Julai 1920. Reli ilikuwa imefika miaka kumi tu nyuma, mwaka 1910, ikijengwa na kampuni ya Philipp Holzmann kutoka Dar es Salaam kuelekea Kigoma. Vita vilikuwa vimepita hapa mwaka 1916, vikachukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Halafu ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoua watu bila hesabu ya uhakika na kuwatawanya waliobaki. Watu walikuwa ndio kwanza wanarudi kwenye mashamba yao. Na kwenye karatasi iliyoandikwa mbali sana, siku hiyo, waliambiwa kwamba mtu akitumbukia kwenye shimo la mwenzake tutaangalia kwanza kama aliitwa.

Wajerumani waliotangulia walikuwa na sheria nzuri kuliko hiyo, na hili lilinishangaza. Kitabu chao cha sheria za madai, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900, kina kifungu cha 836. Kinasema jengo likianguka, au kipande chake kikidondoka, kwa sababu ya ujenzi mbovu au kutotunzwa, na kikamwumiza mtu, mwenye eneo ndiye atakayelipa, na ni yeye wa kuthibitisha kwamba alichukua tahadhari iliyotakiwa. Mzigo uko kwake. Hakuna habari ya nani kaalikwa. Ungefikiri kazi imekwisha, sivyo? Lakini kitabu hicho hapa kilikuwa cha Wazungu. Mwafrika hakufika mbele yake. Yeye alipelekwa bomani kwa mkuu wa wilaya, ambaye aliwasikiliza wenyeji kwa utaratibu ambao Wajerumani waliuita kwa neno letu wenyewe, shauri, wakaliandika kwa herufi zao, Schauri. Mkuu wa wilaya alikuwa hakimu, na ndiye huyo huyo aliyekusanya kodi na kuagiza viboko. Mtu aliyeangukiwa na kifusi cha tuta la reli alikuwa na ruhusa ya kueleza habari zake. Kifungu cha 836 hakikuwa na habari naye.

Waingereza nao waligawa milango. Mahakama zao kuu zilikuwa na ile sheria ya tarehe 22 Julai. Wenyeji wengi walipita mlango mwingine, wa mahakama za wenyeji, zilizoendeshwa na watemi na maliwali kwa sheria za kimila. Kwenye mlango huo ndipo alipoketi mtu ambaye wasomaji wa fasihi tunamjua kwa kazi nyingine, Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, baba wa ngonjera. Kabla ya ngonjera alikuwa liwali na hakimu, na mwaka 1954 alichapisha kitabu kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Tunapomsoma kama mshairi tunasahau kwamba huyu ni mtu aliyekaa siku nzima akisikiliza watu wakigombania ng'ombe, mahari na mipaka ya mashamba. Na ngonjera ni nini kama si wadai wawili wanaojibizana mpaka mmoja akubali? Huu ni mchepuko, nausamehe mwenyewe. Lakini nadhani mtu anayetafuta lugha ya Kiswahili ya madai na majibu asiishie kwenye vitabu vya sheria.

Milango ile miwili iliunganishwa baada ya uhuru, kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963. Sasa ikawa mfumo mmoja kwa kila mtu. Ngazi za ndani, hata hivyo, zilikuwa zimekwisha kuingia kwenye vichwa vya watu waliosomea sheria, na ngazi iliyoleta maumivu zaidi ni ile ya chini.

Mwaka 1929, Nyumba ya Malordi ya Uingereza iliamua kesi ya Addie dhidi ya Dumbreck, iliyotoka Scotland. Mtoto wa miaka minne alikwenda kucheza kwenye eneo la mgodi wa makaa ya mawe, ambako watoto wengine walikuwa wanakwenda siku zote kwa kuwa uzio ulikuwa haufai kitu. Akanaswa na gurudumu la mtambo wa mgodi, akafa. Malordi wakasema mtoto aliingia bila ruhusa, kwa hiyo kampuni haidaiwi. Miaka 4! Ilichukua zaidi ya miaka arobaini, hadi kesi ya Herrington mwaka 1972, ambapo mvulana wa miaka sita aliungua kwenye reli ya umeme baada ya kupita kwenye uzio uliovunjika, ndipo Malordi wale wale wakakubali kwamba hata anayeingia bila ruhusa ni binadamu, na mwenye eneo anayejua watoto wanapita hapo anatakiwa kutumia utu wa kawaida.

Ninaitaja kesi hiyo kwa sababu ya mashimo ya moram. Anayeishi hapa anajua ninachosema. Dodoma ilikuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012 na watu 765,179 kwenye sensa ya 2022. Kila nyumba, kila barabara, kila ofisi iliyojengwa baada ya serikali kutangaza kuhamia kweli mwaka 2016, imechimbwa kutoka mahali fulani. Ukitoka nje kidogo ya mji unayaona: mchanga umekwisha, kokoto zimekwisha, lori zimeondoka, shimo limebaki. Mvua zikija linajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na nchi hii ni kavu, mtoto anaona bwawa mara moja kwa mwaka. Kila msimu nafika kwenye kifo cha namna hiyo, au mwenzangu wa redio anafika. Na kila mara namwuliza mtu mwenye cheo nani alilichimba, najibiwa kwamba wazazi wawe makini na watoto wao. Sentensi hiyo nimeiandika kwenye habari zangu mara nyingi mno bila kuiuliza kitu. Lile shimo halikuchimbwa na mzazi.

Kundi moja lilipata njia yake mapema, nalo ni wafanyakazi. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na ule mradi wa karanga, matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita, minyororo mikubwa ya kung'olea miti, maelfu ya vibarua. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940 Tanganyika ikapata sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, na mkondo huo ndio ulioendelea mpaka Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na mfuko wake. Mradi wa karanga ulikufa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Sheria ilibaki, na wazo lake ni zuri: aliyeumia kazini halazimiki kuthibitisha kosa la bosi ndipo alipwe. Mama mdogo angekuwa ameajiriwa kufagia uani pale, tungekuwa na pa kuanzia. Muuza maandazi anayefuata hela ya mchezo hayumo.

Halafu kuna mashimo ya serikali, na hapa Dodoma ina sura yake ya fahari ambayo nashangaa haisimuliwi zaidi. Kwa miaka mingi aliyetaka kuishtaki serikali, kwa mtaro, kwa ukuta wa shule, kwa lolote, alihitaji kwanza kibali cha maandishi cha waziri. Yaani unamwomba mdaiwa ruhusa ya kumdai. Mwaka 1992 kesi inayojulikana kwa jina la Ng'omango ilifika Mahakama Kuu hapa Dodoma, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Kibali hakikuwepo. Jaji angeweza kuifuta kesi kwa mistari miwili na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akasema sharti lenyewe la kibali linapingana na Katiba, ambayo tangu mwaka 1984 ilikuwa na sura ya haki za msingi, haki zilizoanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mwaka 1993, kwenye kesi ya Pumbun, Mahakama ya Rufani ikafika huko huko. Mwaka 1994 Bunge likabadilisha sheria: kibali kikaondoka, ikabaki notisi ya siku 90.

Jaji huyo huyo, hapa hapa, mwaka 1994 alitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliutengua. Kwa hiyo anajulikana kwa hilo. Mimi ningependa ajulikane pia kwa lile la kibali, kwa sababu wanaosubiri kunyongwa ni wachache na wanaopita kando ya mitaro ni sisi wote.

Mlango uliofunguliwa namna hiyo ulirudishwa nusu mwaka 2020. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka huo, Sheria Namba 1, ukitaka kuishtaki hata halmashauri au wakala wa serikali unatoa notisi ya siku 90, unamwunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na unakwenda Mahakama Kuu. Kwa mtaro wa mtaani. Sisemi serikali isilindwe na kesi za kipuuzi, maana zipo, nimeziripoti. Nasema tu kwamba mtu aliyevunjika kifundo mbele ya mtaro wa halmashauri ana safari ndefu kuliko aliyevunjika uani kwa mtu binafsi, na mguu haujui tofauti hiyo.

Turudi uani. Wakili alituambia mambo matatu, na hakutudai hela. Kwanza, madai ya namna hii yana miaka mitatu, yakipita hapo yamekufa. Pili, kwa majibu ya leo ngazi si tatizo kubwa kwetu: mwenye nyumba aliambiwa kuhusu chemba, akaweka bati, na bati juu ya shimo gizani ni mtego kuliko shimo lenyewe. Wapangaji wawili walikuwa tayari kusema hivyo. Tatu ndilo lililotukalisha kimya. Hasara halisi, ile ya hela iliyotoka mfukoni na kipato kilichopotea, inatakiwa itajwe moja moja na ithibitishwe kwa ushahidi. Za hospitali tulikuwa nazo risiti. Bajaji, risiti hakuna. Wiki kumi na moja bila kukaanga maandazi, hakuna karatasi hata moja. Mama mdogo anauza kwa mkono na anahesabu kwa kichwa. Anakumbuka kila siku alipata kiasi gani, ukimwuliza atakwambia mpaka siku ambayo unga ulipanda bei, lakini hajawahi kuandika.

"Kwa hiyo mahakama haitaamini kwamba nilikuwa nakaanga?" akauliza.

"Itaamini, mama. Lakini itataka ushahidi wa kiasi gani."

Hatukwenda mahakamani. Najua baadhi yenu mlitaka twende, na mimi nilitaka, nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwa cha habari moyoni. Uamuzi haukuwa wangu. Alisema hana miaka miwili ya kupanda ngazi za korti na fimbo, na wale wapangaji wangefukuzwa. Tukakaa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti katikati, mwenye nyumba upande ule, sisi upande huu, balozi mlangoni. Mazungumzo yalichukua asubuhi nzima. Mwenye nyumba alianza na laki mbili, akasema hata yeye ana watoto wanasoma. Mama mdogo hakupandisha sauti hata mara moja. Alimsimulia alivyokuwa anakwenda chooni usiku kwa kutambaa. Wakaishia laki saba, kwa awamu tatu, na mfuniko wa zege uwekwe ndani ya wiki.

Mwenyekiti akaandika makubaliano kwa mkono kwenye karatasi yenye mistari, akayasoma kwa sauti. Yalianza hivi: kwamba tarehe fulani mama fulani kwa bahati mbaya alianguka kwenye chemba. Akamgeuzia karatasi aweke sahihi.

"Baba mwenyekiti, naomba hayo maneno uyafute," mama mdogo akasema.

"Yapi?"

"Kwa bahati mbaya."

Mwenye nyumba akasema ni maneno ya kawaida tu, yanaandikwa siku zote. Mwenyekiti akamtazama yeye, akamtazama mama mdogo, akachukua kalamu na kuyapiga mstari. Akafikiri kidogo, akaongeza kwa juu, kwa herufi ndogo: iliyokuwa haina mfuniko. Ndipo mama mdogo akasaini. Nakala ninayo, na mfuniko umewekwa, nilikwenda mwenyewe kuukanyaga.